Mahudhurio ya Kidato cha Tano

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kufundisha miti arobaini. Nasema kufundisha kwa sababu ndivyo barua ya kazi ilivyoeleza: mwalimu wa darasa, wanafunzi arobaini, muda wa mwaka mmoja, na mwishoni mwa mwaka mkutano wa wazazi uamue kama nitaendelea au nitaenda nyumbani. Niliisoma barua hiyo mara nyingi nikitafuta mahali panaposema kwamba wanafunzi hao ni miti. Sikupaona.

Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Shule ilikuwa ya upili, ya kutwa, upande wa Kola, kwenye mteremko ambao mvua ilikuwa imeuchuna udongo hadi mawe yakabaki nje kama magoti. Waliohitimu walikuwa wengi kuliko nafasi. Nilikuwa nimekaa Kathiani miaka miwili nikimsaidia mama kuchuma maembe na kuwajibu majirani waliouliza kila Jumapili, tukitoka kanisani, kama bado. Bado. Shahada yangu ilihusu mazingira. Tasnifu yangu ilihusu misitu ya milima yenye mvua nyingi. Mama alikuwa ameitia kwenye karatasi ya nailoni na kuiweka juu ya kabati, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa hesabu, mrefu, mwenye koti moja la kahawia lililokuwa na chaki mabegani hata siku za likizo. Siku ya mahojiano hakuuliza lolote kuhusu shahada. Aliuliza kama najua kuita majina darasani. Nikasema najua. Akauliza kama nimewahi kuweka alama ya kuwepo kwa mtu asiyekuwepo. Nilifikiri kwa muda mrefu sana, kwa sababu chuoni niliwahi kumtilia mwenzangu sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na sikujua kama hiyo inahesabika. Mwishowe nikamwambia. Akasema basi nimeajiriwa.

Baadaye alinifungulia droo ya meza yake. Ndani mlikuwa na nakala za ripoti alizozikuta shuleni alipohamishiwa hapo, za miaka mingi, kila moja ikieleza kwamba shule imepanda miti, na miti inaendelea vizuri. Nje ya dirisha hapakuwa na mti hata mmoja. Mashimo yalikuwepo. Kila mwaka wanafunzi walipanda kwenye mashimo yale yale, mgeni akapigwa picha akishika jembe, miti ikafa, na ripoti ikaandikwa.

"Kwa karatasi, mwalimu, hapa tunaishi msituni," alisema.

Yeye alikuwa na maelezo yake. Miti ya shule hufa kwa sababu hakuna anayeita majina yake. Mtoto akikosa siku mbili, mtu anauliza. Mti ukikosa, hakuna anayejua hadi mwaka unaofuata shimo linapotafutwa. Kwa hiyo aliagiza miche ya mikau, mti wa sehemu kavu, wanafunzi wakaipanda mvua za Novemba zilipoanza, naye akachukua daftari la mahudhurio jipya kabisa, lile la serikali, akaipa kila mti nambari ya kujiunga na shule. Kila mti ulikuwa na mwanafunzi aliyeupanda, naye akaandikwa kwenye safu ya jina la mzazi. Kilichobaki kilikuwa mwalimu wa darasa, ndipo nikaja mimi.

Shule iliishia Kidato cha Nne, kama shule zote. Kidato cha Tano kilikuwa kimefutwa nchini tangu nikiwa mtoto. Kwa hiyo wanafunzi waliiita miti ile Kidato cha Tano, na baada ya wiki mbili kila mtu aliiita hivyo, hata mwalimu mkuu, hata mpishi. Nilipoenda nyumbani mama aliniuliza nafundisha kidato gani. Nikasema cha tano. Akasema alidhani kiliondolewa. Nikamwambia wanajaribu tena, kwa shule chache. Uongo huo ulinitesa muhula mzima, hasa kwa sababu ukiangalia vizuri haukuwa uongo.

Kila asubuhi, baada ya gwaride, nilishuka na daftari hadi kwenye matuta ya miti. Vibao vya nambari vilikatwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia na kutobolewa kwa msumari. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya nambari moja nisijue kama niite kwa sauti. Nikinyamaza, je, nimeita? Nikiita, ni nani atakayenisikia? Mwalimu mkuu alikuwa ananitazama kutoka dirishani, na madarasa manne yalikuwa yananitazama kutoka madirisha mengine. Nikaita. Nilingoja kidogo baada ya kila nambari, kama sekunde mbili, kwa adabu, kisha nikaweka alama.

Lakini ukiita nambari ya kitu kila siku, huwezi kuacha kukitazama. Kufikia wiki ya tatu nilijua kwamba nambari kumi na saba alikuwa na mchwa. Nambari ishirini na mbili alikuwa anatembelewa na mbuzi wa jirani. Nambari tisa alikuwa ameanza kulala upande, na shimo la nambari thelathini lilikuwa linamwaga maji badala ya kuyashika. Nikawaita wazazi wao. Tulimwaga jivu kwa ajili ya mchwa, tukazungushia miiba, tukachimba mabeseni ya udongo kila mti ukae katikati, tukatandika nyasi kavu. Wanafunzi wakazoea kunawia mikono hapo baada ya chakula, kila mtu kwa mtoto wake. Kulikuwa na ugomvi wa kweli mtu akinawia kwa mtoto wa mwenzake.

Mwisho wa muhula wa kwanza mwalimu mkuu alitaka ripoti. Tukapima urefu, tukapanga kuanzia wa kwanza hadi wa arobaini, na mimi nikaandika maoni ya mwalimu wa darasa. Nilikaa na zile ripoti siku tatu. Sikutaka kumvunja moyo mti. Najua mti hauna moyo, lakini mzazi wake alikuwa nao, na alikuwa Kidato cha Pili tu. Niliandika mambo kama "ana bidii," "apunguze kuegemea wenzake," na kwa nambari arobaini, ambaye hakuwa ameongeza hata kidole, "ni mtulivu." Wazazi walitia sahihi. Mmoja alirudi kulalamika kwamba mtoto wake amepewa nafasi ya ishirini na sita wakati alikuwa amekatwa ncha na mbuzi, na hilo halikuwa kosa lake.

Muhula wa pili ukaisha na miti yote arobaini ilikuwa hai. Hilo halijawahi kutokea pale. Mwalimu mkuu hakusifu. Alitoa tu kiti kimoja kutoka ofisini, akakiweka kwenye tuta la katikati, akasema mwalimu wa darasa hawezi kusimama mwaka mzima.

Nilirudi Septemba, baada ya likizo, na nilipofika kwenye matuta nilikuta fito. Jua lilikuwa limewaka mwezi mzima. Mingi ya miti ilikuwa haina jani lolote, na ile michache iliyobaki na majani ilikuwa inayaachia mbele yangu.

Nilisimama na daftari sijui kwa muda gani. Daftari lile lina alama mbili tu, aliyepo na asiyekuwepo. Hakuna alama ya mwanafunzi aliyekufa, kwa sababu aliyelitengeneza hakutaka kulifikiria jambo hilo, na simlaumu. Je, mti usio na majani upo? Ufito upo. Lakini sikuajiriwa kufundisha fito. Nikakumbuka sheria ya shule, kwamba mwanafunzi anayekuja bila sare anarudishwa nyumbani na anahesabiwa hakuwepo. Majani ni sare. Nilifurahi kwa kupata jibu, kwa kama dakika moja. Kisha nikaweka alama za kutokuwepo, thelathini na moja.

"Wangapi leo?" mwalimu mkuu aliuliza.

Nikasema tisa. Siku iliyofuata walikuwa wanne. Ijumaa hakukuwa na mtu.

Aliangalia ukurasa. Kulikuwa na sheria nyingine, yake mwenyewe, ambayo kila mtu aliijua: anayekosa zaidi ya mwezi mmoja hapandi darasa. Na mimi nilikuwa nimefanya hesabu yangu kimya kimya. Darasa likifa, mkutano wa Novemba hautakuwa na sababu ya kunibakiza. Ningerudi Kathiani na karatasi ya nailoni, na majirani wangeuliza, na safari hii jibu lisingekuwa bado. Lingekuwa nilipewa arobaini nikawamaliza.

Tulijaribu kumwagilia zaidi. Nilichimbua shimo la nambari arobaini nusu ili nione mizizi, nikaogopa, nikarudishia. Wiki ya tatu mwalimu mkuu alifanya kile anachofanya kila mwalimu mkuu katika nchi hii mtoto anapopotea. Alisema, "Waite wazazi."

Niliandika barua arobaini. Wazazi walikuja Alhamisi baada ya masomo, wakibeba viti vya darasani. Wasichana walikuwa wamejifunga leso juu ya sare. Mvulana mmoja wa Kidato cha Tatu alikuwa amevaa kofia ya babu yake na alikaa kwa shida, akishika goti. Kila mmoja alikaa mbele ya ufito wake. Mimi nilipita tuta kwa tuta na daftari. Nilijua wananichezea. Lakini barua ilikuwa ya kweli, sahihi ilikuwa yangu, na sikuona namna ya kuanza kikao isipokuwa kukianza.

Nilianza na nambari kumi na mbili. Mzazi wake alikuwa msichana wa Kidato cha Pili, mkimya darasani.

"Mama," nikamwambia, kwa maana sikujua nimwite nani mwingine, "mtoto wako hajaja shule hii ni wiki ya tatu."

Alimtazama mtoto, aliyekuwa katikati yetu.

"Mwalimu, hata mimi ananishangaza. Asubuhi anatoka nyumbani vizuri tu."

"Huyu wangu ni marafiki wamemharibu," alisema yule wa kofia. "Angalia huyo amekaa karibu naye."

"Huyo ni wangu," sauti ikatoka nyuma. "Na kabla akae na wako alikuwa anavaa vizuri."

Wakacheka wote, na kofia ikaanguka. Mimi sikucheka. Nadhani uso wangu ulikuwa umeanza kufanya kitu, kwa sababu yule msichana aliacha kuigiza. Alifungua leso, akaikunja, akaiweka mapajani.

Alisema kwa sauti yake ya kawaida kwamba nyanya yake yuko Ndithini, na huko mikau iko mingi. Jua likiwaka inavua majani. Mvua ikikaribia inavaa tena, hata kabla tone halijaanguka. Huko hakuna mtu anashtuka. Watu wanaokota yale majani wanapatia mbuzi.

Nilimweleza, kwa upole, kuhusu mti unaokosa maji. Nilitumia maneno ya tasnifu. Nilieleza jinsi ambavyo kwenye misitu niliyoisoma mti ukipoteza majani yote ni dalili ya mwisho. Aliniachia nikamaliza, kama wazazi wanavyowaachia walimu wamalize. Kisha akainama, akakwangua gome kwa ukucha.

Chini yake palikuwa na kijani, kibichi, chenye maji.

"Ako hapa," alisema. "Alikuwa hapa siku zote."

Nilikwangua arobaini zote jioni ile, wanafunzi wakinifuata tuta kwa tuta. Zote zilikuwa kijani. Wengine walikuwa wanajua kama yule msichana, nikaja kuambiwa, lakini walidhani mimi ninajua zaidi yao na nina sababu zangu. Nimelifikiria hilo kuliko jambo lolote nililosoma chuoni.

Nilikimbia ofisini. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba miti iko hai, kwamba haijawahi kukosa, na kwamba nitazigeuza alama zote za Septemba. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

"Daftari halifutwi," alisema.

Nikasema lakini kilichoandikwa si kweli. Akasema anajua. Akafungua ile droo, hakutoa kitu, akaifunga tena. Alisema wale waliotangulia nao walianza kwa kurekebisha kidogo tu, kwa sababu nzuri. Kisha akaniuliza kama asubuhi nitaita majina. Nikasema nitaita. Akauliza nitaweka alama gani. Nikasema ya kuwepo. Akasema basi, hiyo ya kesho ndiyo yetu.

Majani yalitoka katikati ya Oktoba, kabla ya mvua, kama nilivyoambiwa. Kufikia Novemba miti mingi ilikuwa imenipita urefu. Hata nambari arobaini alikuwa amefika kifuani.

Mkutano wa wazazi, wazazi wa kweli sasa, ulifanyika katika darasa la Kidato cha Nne, ambalo madirisha yake yanatazama matuta. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja anayeuza maharagwe kwa gunia katika soko la Machakos, mwenye sauti ya kuuzia. Ajenda ya tatu ilikuwa Kidato cha Tano na mwalimu wake. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, ili nikiambiwa niende nisilazimike kupita mbele ya watu.

Mwalimu mkuu alisoma ripoti jinsi ilivyo. Urefu, mzuri. Afya, nzuri. Mahudhurio: darasa karibu zima limekosa wiki tano mfululizo, tatu bila sare na mbili zikiwa ni za uchunguzi, kwa sababu baada ya kuanza kuweka alama ya kuwepo alinikumbusha kwamba sheria inataka mwanafunzi aliyerudi achunguzwe siku kumi za shule kabla ya kuhesabiwa. Kwa sheria ya shule, alisema, wanafunzi hawa hawapandi.

Wazazi waligeuka wakatazama nje. Matawi yalikuwa karibu yaguse kioo.

Mzee mmoja aliuliza kwa utaratibu wanafunzi hao walikuwa wameenda wapi hizo wiki tano, na walitumia miguu ipi. Mwingine akasema hata mtoto wake huwa yuko shuleni mwaka mzima na bado hayupo, kwa hiyo suala la kuwepo si rahisi. Wakabishana, kwa dhati, kwa Kikamba na Kiswahili, kama mti ulale darasa, yaani urudie mwaka. Baba mmoja alipinga kabisa kulaza watoto darasa kwa ujumla, miti au watu. Kisha yule mzee wa kwanza akainua mkono tena.

"Kama miti ilikuwa hapa, na daftari linasema kuna mtu hakuwa hapa, basi ni nani hakuwa?"

Walinitazama mmoja mmoja, wale wa nyuma wakinyoosha shingo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu elimu na mazingira. Ilikuwa na sehemu nne. Nilisimama, nikaishika ile karatasi, na kitu pekee nilichoweza kukiona ni ukucha wa yule msichana kwenye gome. Nikasema zile alama za kutokuwepo ni zangu. Nilikuwa nasimama mbele ya mti kila asubuhi na sikuuona. Aliyeuona alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili, naye ndiye aliyenifundisha. Kama kuna mtu alikosa shule Septemba, ni mimi. Nikakaa. Nilijua nimejifukuza.

Mwalimu mkuu akatoa kalamu nyekundu. Hakufuta kitu. Chini ya ukurasa, polepole, aliandika mstari na kuusoma kwa sauti alipokuwa akiuandika: kutokuwepo kote kwa wiki hizo tano kuhesabiwe kwa mwalimu wa darasa.

"Wiki tano," akasema mwenyekiti. "Hiyo ni zaidi ya mwezi."

"Ni zaidi," akakubali mwalimu mkuu.

"Kwa hivyo hapandi."

"Kwa sheria, hapandi."

Mwenyekiti alifikiri, akigonga meza kwa vidole kama anayepima maharagwe kwa macho. Alisema basi jambo ni wazi. Miti ipite. Mwalimu arudie. Mzazi mmoja akauliza kama kurudia si sawa na kufutwa, naye akamjibu kwa ukali kwamba hajawahi kuona mtoto anayerudia darasa akiwa nyumbani kwao. Anayerudia anakuja shule, tena mapema kuliko wenzake. Kuna nafasi ya miche mingine arobaini kwenye matuta ya chini. Arudie na hiyo.

Akanigeukia.

"Mwalimu, unakubali kurudia?"

Nilifikiria jinsi ambavyo barua mpya itaandikwa. Nilifikiria kama mtu mwenye shahada anaweza kisheria kurudia darasa ambalo halipo, na nitamweleza mama vipi, na kama jina langu sasa litaingizwa kwenye daftari, na katika safu ya mzazi waandike nani. Watu walikuwa wanangoja. Wengine walikuwa wameanza kutafuta viatu vyao chini ya madawati.

"Ninakubali," nikasema.

Mwenyekiti akaandika, akageuza ukurasa, tukaingia kwenye ajenda ya vyoo.